Maneno Chini ya Mdomo wa Mama Jepkemboi

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumerudi Eldoret kutoka Plateau, vumbi la mahindi limenijaa hadi masikioni. Kigen, bosi wangu, alikuwa na kamera, mimi nilishika maikrofoni. Kazi ni ya kampuni moja ya mbegu: filamu ya dakika kumi na mbili kuhusu akina mama wa kikundi kimoja cha huko, ambao walipanda mbegu mpya za kampuni hiyo mwezi wa nne. Itaonyeshwa siku ya wakulima mwezi ujao, halafu itumwe kwenye simu za watu kote Uasin Gishu kabla hawajanunua mbegu za mwaka ujao.

Aliyezungumza zaidi ni mwenyekiti wao, Mama Jepkemboi. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, kwa hivyo Kigen akamwambia atumie Kinandi. "Lugha ya mama inatoka ndani," akanieleza. Mimi nimezaliwa na kukulia hapa Eldoret, mtaa wa Huruma, lakini Kinandi changu kinaishia kwenye chamgei ya salamu na kongoi ya shukrani. Ni aibu yangu, naikubali.

Mama alizungumza kwa nguvu. Kila mara aliokota hindi kwenye rundo, akaligeuzageuza, akalitupa kando. Nilidhani anachagua.

Baadaye alituita ndani akatupa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Alinishika mkono akaniuliza jina, nikamwambia Linah Kavetsa. "Kavetsa," akasema polepole, kama mtu anayeonja. "Sasa hapa ni kwako. Ukipita njia hii usipite tu."

Jumanne, 8 Oktoba

Kutazama picha siku nzima. Ni nzuri. Zimejaa mno.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kigen ameleta karatasi za tafsiri, ameziandika mwenyewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na dakika yake kando. Kazi yangu ni kuyaweka maneno hayo kwenye picha ili mtu ayasome bila kuhangaika.

Na hapo ndipo vita vyangu vilipo. Herufi nyeupe zikipita juu ya mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai zinapotea kabisa, nyeupe juu ya nyeupe. Nikibadilisha ziwe za manjano, zinazama kwenye maganda makavu. Upepo ukitikisa majani nyuma ya maneno, jicho linafuata majani. Na Mama Jepkemboi alivaa sweta ya mistari! Herufi moja iko juu ya mstari mwekundu, ya pili juu ya mweupe, ya tatu juu ya bluu. Ukimaliza kusoma umesahau ulianzia wapi.

Nimezizungushia herufi mpaka mweusi. Afadhali, lakini bado.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kigen amesema jina langu litaandikwa mwisho wa filamu. "Tafsiri na maandishi: Linah Kavetsa."

"Lakini tafsiri ni yako," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayeteseka nayo. Miaka mitano, Linah. Wacha jina lionekane mara moja."

Miaka mitano iliyopita nilikuwa nachapia watu barua kwenye saiba, duka la kompyuta, na yeye alikuja kuchapisha kadi za harusi ya binamu yake. Aliona nilivyopanga maneno kwenye kadi akaniuliza kama nimewahi kuhariri video. Sikuwa nimewahi hata kushika kamera. Alinifundisha kila kitu ninachojua. Nimempigia mama yangu simu kwetu Vihiga kumwambia kuhusu jina, akapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata dawa ya sweta. Nimeweka utepe mweusi nyuma ya maneno, si mweusi wa makaa, ni mweusi mwepesi unaoacha picha ionekane kidogo kwa ndani. Herufi nyeupe juu yake zinasomeka hata ukiwa mbali na skrini. Nikaufanya mstari usizidi maneno sita au saba, mistari isizidi miwili.

Kigen alisimama nyuma yangu akatazama. "Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Sasa punguza sauti ya mama, uongeze muziki. Watu wa kampuni wanapenda muziki."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Isikike kwa mbali. Watu siku hizi hawasikilizi, wanasoma."

Nikapunguza.

Jumanne, 15 Oktoba

Mawingu. Wenye mahindi nje wanaangalia juu kila dakika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jirani yangu kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga ni Jeruto, fundi wa kushona. Alipoteza kusikia akiwa na miaka kumi na minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Anaongea, lakini hajui sauti yake ina ukubwa gani, kwa hivyo siri ya Jeruto ni siri ya ploti nzima. Kila kazi yangu yenye maandishi naipeleka kwake kwanza. Kama Jeruto ameisoma bila kukunja uso, dunia nzima itaisoma.

Leo alisukuma cherehani kando, nikaweka laptopu mezani katikati ya vitambaa. Jumatano alikuwa amenigombeza kuhusu utepe. "Unamfunika mdomo!" alipiga kelele. "Mimi nasoma maneno na nasoma mdomo. Ukiufunika unanipa jicho moja." Kwa hivyo nilikuwa nimeushusha utepe hadi chini ya kidevu, na uso wote wa Mama Jepkemboi ukawa wazi.

Akatazama dakika mbili. "Yanasomeka," akasema. "Vizuri sana." Kisha akakunja uso.

"Nini?"

"Rudisha."

Nikarudisha. Chini ya skrini maneno yalisema: *Mbegu hizi zimetubadilishia maisha. Mwaka huu ghala limejaa.*

"Rudisha tena."

Akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Kisha akasema, kwa sauti ile yake ambayo hata mama wa nyumba ya mwisho aliisikia: "Linah, huyu mama hasemi hivyo. Huyu mama anasema zimeoza!"

Nilicheka. Nikamwandikia kwenye simu kwamba Kigen ni Mnandi, ametafsiri mwenyewe.

Jeruto alisoma, akatikisa kichwa. "Nilisikia Kinandi miaka kumi na minne. Mambo mengine siwezi kuyashika mdomoni, sikudanganyi. Lakini kuoza nakujua. Mama yangu alilisema neno hilo kila mwaka mvua ikitukuta na mahindi nje. Mtazame na mkono wake. Mtu aliyejaza ghala anatupa hindi hivyo?"

Nikatazama mkono. Nilikuwa nimeutazama mkono ule kwa siku kumi na mbili, nikijali tu kwamba maneno yasiufunike.

Jumapili, 20 Oktoba

Asubuhi nimemngoja Mama Chebet anayeleta maziwa. Nikamwekea hedfoni masikioni nikampa kipande kile kile, sauti tupu, bila muziki na bila picha. Alisimama na mtungi mkononi, akasikiliza, akasikitika kwa ulimi.

"Pole yake," akasema. "Anasema mbegu zilizoletwa zilitoa mahindi yenye mapengo, na hayo machache yakaoza yakiwa bado shambani. Anasema waliiambia kampuni na hakuna aliyekuja kuangalia. Anaomba hii video ifikishwe kwa wakubwa." Akavua hedfoni. "Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi mbona unalia?"

Sikuwa najua kama nalia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mapumziko ya Mashujaa, kwa kuwa sikukuu yenyewe jana ilikuwa Jumapili. Ofisi imefungwa. Nimefua kila nguo niliyonayo. Nimejipanga maneno ya kumwambia Kigen, nikayapangua. Labda kuna maelezo. Lazima kuna maelezo.

Jumanne, 22 Oktoba

Kulikuwa na maelezo.

Nilifika kabla yake nikakaa na koti mwilini. Alipoingia nikamwambia yote, Jeruto na Mama Chebet, bila kupumzika. Nilitarajia akasirike. Akavuta kiti akakaa karibu nami, akashika kichwa.

"Nimekosa, Linah. Kampuni ilinipa muhtasari wa wanachotaka filamu iseme. Mimi nilikuwa na kazi ya kupiga picha harusi Kapsabet, sikuwa na wakati wa kusikiliza dakika zote. Nikaandika kutoka kwa muhtasari. Nilidhani mambo yanafanana."

"Hukusikiliza hata kidogo? Ulikuwa pale, wewe ndiye ulikuwa unamuuliza maswali!"

"Nilikuwa naangalia kamera. Unajua nikiwa kwa kamera sisikii." Hilo ni kweli, najua. "Tuketi sasa hivi. Nitakusomea mstari kwa mstari, na wewe uandike. Tutawapelekea ukweli. Wakikataa, wakatae."

Tukakaa hadi saa kumi jioni. Aliweka hedfoni, anasikiliza, anasimamisha, ananiambia, naandika. *Tulipanda tukitarajia. Mahindi yalitoka na mapengo kama meno ya mzee. Tuliwaambia, hawakuja.* Pale pa mapengo akasema, "Huyu mama ana maneno." Mimi nikajiona mjinga na mwenye roho mbaya kwa kumshuku mtu aliyenifundisha kazi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemaliza. Nimerudisha sauti ya Mama juu na kushusha muziki. Mstari kuhusu kuoza nimeuacha ukae muda mrefu kuliko mingine, utepe nimeuongeza weusi kidogo kwa sababu nyuma yake kuna rundo la mahindi linalong'aa. Nimemkabidhi Kigen kwenye flashi, nakala nyingine iko kwenye laptopu yangu. Akaniambia, "Pumzika, Linah. Umefanya kazi ya maana."

Nimemwonyesha Jeruto. Hakukunja uso.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Barabarani watu wanakimbia na maturubai kama wanaokoa watoto.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua tena.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Kigen hajaonekana ofisini tangu juzi, anasema anapanga mambo ya siku ya wakulima. Nimemuuliza kwa simu kama kampuni imekubali. Ameandika: "Mambo sawa."

Jumamosi, 9 Novemba

Nataka kuandika kwa mpangilio, ili hata nikija kusoma baadaye nisijidanganye.

Siku ya wakulima ilifanyika Plateau, uwanjani, chini ya hema kubwa. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Akina mama wa kikundi waliketi mstari wa mbele wakiwa na sare ya leso za kijani, Mama Jepkemboi katikati, amejipamba. Aliponiona alinipungia mkono kwa juu kama anayeita ndege. Mimi nilikuwa nimevaa gauni alilonishonea Jeruto kwa ajili ya siku hii.

Filamu ikaanza. Muziki ukawa juu. Nilijua kabla ya neno la kwanza. Sauti ya Mama ilikuwa chini kabisa, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Na chini ya kidevu chake, juu ya utepe wangu mweusi mwepesi, kwa herufi zangu nyeupe zinazosomeka hadi mstari wa nyuma, yalikuwa maneno ya tafsiri ile ya kwanza. *Mbegu hizi zimetubadilishia maisha. Mwaka huu ghala limejaa.*

Nilitaka kusimama nipige kelele. Sikusimama. Nilibaki nikisoma kazi yangu. Kila mstari ulikaa mahali pake. Hakuna jani lililoyameza maneno, hakuna rangi iliyoyafunika. Watu walikuwa wanasoma bila shida yoyote, naona midomo yao ikitembea. Wengine waliandika jina la mbegu kwenye simu zao.

Mama Jepkemboi hakuelewa mwanzoni. Alikuwa anatabasamu kujiona mkubwa hivyo. Msichana aliyeketi nyuma yake, mjukuu wake, ndiye aliyeinama akamnong'oneza. Nikaona tabasamu likiondoka, si mara moja, polepole, kama maji yanayokauka. Akamuuliza mjukuu kitu. Mjukuu akarudia. Wale wengine wenye leso wakaanza kugeuka.

Mwisho wa filamu, kwa herufi kubwa: *Tafsiri na maandishi: Linah Kavetsa.*

Wakamzunguka Kigen pembeni ya hema. Nilifika wakati Mama Jepkemboi alikuwa anamuuliza kwa Kinandi, kidole chake kikielekea skrini. Kigen alinitazama. Ninaapa alinitazama, machoni, na niliona akipima. Kisha akawajibu kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, ili nijue nisimame wapi.

"Mama, poleni sana. Maandishi si yangu. Ni ya huyu Linah, mmeona jina. Hajui lugha yetu. Ni makosa yangu kumwamini."

Lugha yetu. Hapa Eldoret neno hilo dogo lina uzito wake. Mimi, Mluhya, nilikuwa na miaka kumi mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, najua linavyoweza kufungua mlango na linavyoweza kuufunga. Kigen pia anajua. Aliwahi kuniambia aliona haya kwa yaliyofanyika mwaka ule.

"Si kweli," nikasema. "Kigen, waambie. Waambie tulikaa hadi saa kumi tukiandika upya!"

"Linah, usiongeze," akasema kwa upole, kama anayenisaidia.

Mama Jepkemboi alinisogelea. Hakupaza sauti. Alitafuta Kiswahili chake chote akakipata. "Ulikunywa maziwa kwangu," akasema. "Nilikuambia hapa ni kwako."

Akageuka. Wenzake wakamfuata. Nimetembea hadi barabarani na viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilikwenda ofisini kuchukua vitu vyangu. Kigen alikuwepo, anakunywa chai.

"Hasira yao itapoa," akasema. "Keti."

"Ile nakala ya pili uliipeleka wapi?"

"Kampuni waliikataa. Ningefanya nini?"

"Ungewaambia akina mama ukweli."

Aliweka kikombe chini. "Fikiria kidogo, Linah. Mimi kwetu ni pale. Nitazikwa pale. Wakisema ni mimi, nitakanyaga wapi? Wewe watakusahau. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka uso wako."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama anayenionyesha njia fupi ya kufanya jambo kwenye kompyuta. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nasubiri nimwone mtu mwingine aliyejificha ndani yake, na hapakuwa na mwingine. Ni huyu huyu.

Nikamkumbusha kwamba tarehe kumi na moja Oktoba alisema wacha jina lionekane. Nikamuuliza kama siku hiyo alikuwa ameshaamua nibebe lawama.

Akaniuliza kama nimeacha ufunguo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Video imeanza kuzunguka kwenye simu. Mtu wa duka la chini ameipata kwa kikundi cha wakulima. "Kazi yako nzuri," akaniambia. "Hata bila sauti unaelewa."

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia Jeruto kila kitu. Nilidhani atanihurumia. Akanitazama juu ya miwani. "Nakala ya kweli iko wapi?"

Nikaonyesha laptopu.

"Basi unakaa hapa kufanya nini?"

Jumamosi, 16 Novemba

Tulifika kwa Mama Jepkemboi kabla ya saa sita, mimi na Jeruto. Mjukuu alitufungulia, akanitambua, akafunga tena. Tukasimama nje kwenye manyunyu.

Jeruto hakusikia mlango ukifungwa kwa nguvu, kwa hivyo haikumtisha. Alisogea dirishani akaanza kuongea Kinandi chake cha utotoni. Sauti ilifika boma la tatu. Baadaye aliniambia alichosema: kwamba yeye ni kiziwi, kwamba aliyasoma maneno yake Mama mdomoni, kwamba ni yeye aliyegundua uongo na Linah ndiye aliyelia, na kwamba kama wanataka kutufukuza watufukuze tukiwa tumekauka.

Mlango ukafunguliwa.

Ndani walikuwa akina mama saba wamekaa chini, wanapukuchua mahindi na kutenga yaliyooza. Chumba kizima kilinuka ukungu. Niliweka laptopu juu ya kigoda. Mama Jepkemboi hakunisalimu. Nikaweka nakala ya pili, sauti juu, na nikasimamisha kila baada ya mstari. Jeruto alisoma maneno, akayarudisha kwa Kinandi, na Mama akasema kama ni yake au si yake.

"Ni yangu," alisema. Tena: "Ni yangu." Pale pa mapengo kama meno ya mzee wote walicheka, na Mama kwa mara ya kwanza akanitazama.

Tukafika dakika ya saba. Maneno yalisema: *Mbegu zililetwa na mtu mmoja, tukamwamini.*

"Hapana," Mama akasema. "Si mtu mmoja."

Nikarudisha. Akasikiliza sauti yake mwenyewe. "Nilisema mtoto wa Jebet. Mbegu zililetwa na mtoto wa Jebet, tukamwamini. Alipita nyumba kwa nyumba. Alisema yeye ni wetu."

Jina la Jebet nilikuwa nimelisikia kwenye sauti ile mara nyingi. Kuna akina Jebet wangapi hapa? Sikuuliza. "Jebet ni nani?" nikauliza sasa.

Mikono yote ilisimama. Kisha mama mmoja mwembamba aliyekaa karibu na mlango, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akapangusa vidole kwenye leso.

"Jebet ni mimi," akasema kwa Kiswahili safi cha mwalimu. "Nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na minane. Kigen ni kifungua mimba wangu."

Kwa hivyo hata siku ile ya kurekebisha, alipoketi karibu nami hadi saa kumi na kushika kichwa, hata ndani ya ukweli alinifanya niandike uongo mmoja zaidi. Mmoja tu, aliouhitaji. Wakanieleza kwamba alikuwa wakala wa kampuni tangu mwezi wa tatu. Kamera ilikuja baadaye, na aliwaambia ni ya kupeleka malalamiko yao.

"Na wewe ulizipanda?" nikamuuliza.

"Ekari mbili. Ningekataa vipi? Aliniletea mwenyewe, amezibeba begani."

Nikamwambia kwamba naweza kuuondoa mstari ule. Filamu itasimama bila huo. Mama Jepkemboi alikubali kwa kichwa, hata kabla Jeruto hajamaliza kumfasiria.

Jebet alipukuchua hindi moja hadi likaisha. Nje mvua ilikuwa imezidi.

"Andika kama alivyosema," akasema. "Wanafunzi wangu nilikuwa nawachapa kwa kuruka mstari."

Jumatatu, 18 Novemba

Kazi, nyumbani kwa Jeruto. Mstari wa dakika ya saba una taabu: hapo Mama anapita mbele ya ua wenye maua, na jua linaingia na kutoka. Nimejaribu mara kumi na moja.

Ijumaa, 22 Novemba

Kigen amepiga simu mara nne. Sikushika.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumeionyesha kanisani Plateau. Kasisi alitoa ukumbi, projekta ni ya shule. Walikuja watu wa kikundi, majirani, watu wa vituo vingine vya biashara waliosikia, na afisa wa kilimo mmoja aliyekaa nyuma na daftari. Nilifuta jina langu mwishoni. Mama Jepkemboi akaniamuru nilirudishe.

Dakika ya pili, mvua ikashuka juu ya mabati. Si mvua ya kushindana nayo kwa sauti. Spika zilikuwa zinaguna tu. Nikaongeza sauti hadi mwisho na bado hakuna aliyesikia kitu. Watu wakabaki na picha na maneno, na nusu yao ni wazee wasiosoma.

Jebet akainuka kutoka benchi la mbele. Akasimama kando ya skrini, akashika miwani kwa mkono mmoja, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Mstari kwa Kiswahili, kisha kwa Kinandi. Watu walisogeza viti.

Nilikuwa kwenye laptopu na niliona dakika ya saba ikija. Nilifikiria kubonyeza, kuisimamisha, kusema umeme umesumbua. Yeye pia alijua inakuja.

Maneno yalitokea chini ya mdomo wa Mama Jepkemboi, juu ya maua, meupe, wazi. Jebet akasoma: "Mbegu zililetwa na mtoto wa Jebet, tukamwamini." Akageukia watu, akarudia kwa Kinandi. Kisha akageukia skrini kungoja mstari unaofuata, na hakukaa chini hadi mwisho.

Jumanne, 3 Desemba

Jua. Kampuni imeacha kusambaza filamu yao na inasema itatuma mtaalamu aangalie mashamba. Mama Jepkemboi anasema akija atamkuta amekaa hapo hapo juu ya mahindi yaliyooza.

Leo mchana Kigen alipiga kwa namba nisiyoijua, nikashika. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, miezi miwili yote. Hakunipa nafasi. Hakuuliza habari ya ofisi, wala ya kampuni, wala kama nina hasira.

"Mama yangu alikuwa kanisani?"

"Alikuwa."

"Alikaa wapi? Aliona ile sehemu?"

"Mvua ilikuwa inapiga, hakuna aliyesikia," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyewasomea."

Nilisikia magari upande wake, na mtu akiuza kitu.

"Yote?"

"Yote, Kigen."

Hakukata simu wala hakuongea. Nilingoja. Mwishowe nikakata mimi.